Posho inapoamua kabla ya mazungumzo: Kigoma katikati ya diplomasia na misaada

Mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta, mkoani Kigoma, ulishushwa zaidi ya mara moja, hadi ukafika nusu ya kiwango kinachotakiwa. Kiwango chenyewe ni kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku, kipimo ambacho mashirika ya misaada hukitumia duniani kote. Aliyeshusha ni Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, na sababu ilikuwa moja: fedha za wahisani hazikutosha. Hapakuwa na kikao cha marais, wala tamko la waziri, wala mkataba uliosainiwa. Lakini ndani ya nyumba za udongo za Nduta watu walianza kuulizana jambo zito kuliko mkataba wowote: tubaki na nusu hii, au turudi Burundi?

Wengi wanaamini kwamba hatima ya mkimbizi huamuliwa kwenye mazungumzo ya amani, na kwamba misaada ni ya kumtunza tu wakati anasubiri. Kwa tunaoyaona mambo haya tukiwa Kigoma, mara nyingi imekuwa kinyume. Posho, yaani mgao wa chakula, imeamua kwanza, diplomasia ikafuata nyuma. Wanaoendesha vitu hivi viwili ni watu tofauti, wana mabosi tofauti na fedha tofauti, na pale wasipokutana hutokea uamuzi mkubwa ambao hakuna anayeweza kunyooshewa kidole kwamba ndiye aliyeutoa. Nitajaribu kueleza unavyotokea.

Kigoma yenyewe haina vita. Vita viko Kivu Kusini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na misukosuko ya kisiasa imekuwa Burundi, ambako ukisimama kwenye milima ya Manyovu unapaona kwa macho. Lakini mkoa huu umepokea watu wanaokimbia kwa zaidi ya nusu karne. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi, na Mtendeli wilayani Kakonko ikafuata mwaka 2016 hadi ilipofungwa mwaka 2021. Wakati wa kilele wakimbizi nchini walipita 300,000, wengi wao wakiwa katika wilaya hizi tatu. Muha na Mrundi wanaelewana bila mkalimani, wameoana, wamezikana. Kwa hiyo habari za kambi huku si habari za wageni.

Nani hasa anaendesha?

Ukimuuliza mtu wa Dar es Salaam kambi ya wakimbizi inaendeshwa na nani, atakujibu Umoja wa Mataifa. Sivyo. Mkuu wa kambi ni mtumishi wa serikali, yuko chini ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Yeye ndiye anayetoa kibali cha kutoka kambini, maana chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 mkimbizi anatakiwa kuishi katika eneo alilopangiwa, na utaratibu uliozoeleka ni kwamba asivuke kilomita nne bila kibali. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, huratibu huduma, hutafuta fedha na kusimamia haki za mkimbizi. Chakula ni cha WFP. Afya, maji, shule na ulinzi wa watoto zimekuwa kazi za mashirika mengine, mengi yao kwa mikataba: Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, Madaktari Wasio na Mipaka, Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji (IRC) na wengineo. Kila sekta ina kikundi chake cha uratibu chenye vikao vyake.

Hao ndio wanaolisha na kutibu. Wanaozungumza ni wengine kabisa. Wizara ya Mambo ya Nje ndiyo inayokaa na Bujumbura na Kinshasa. Jumuiya ya Afrika Mashariki na SADC, jumuiya ya maendeleo ya nchi za kusini mwa Afrika, ndizo zinazoitisha mikutano ya wakuu wa nchi, kama ule wa pamoja uliofanyika Dar es Salaam tarehe 8 Februari 2025, siku chache baada ya mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, kuangukia mikononi mwa waasi wa M23. Balozi za nchi wahisani ziko Dar es Salaam, na fedha zao huidhinishwa na mabunge yaliyoko mbali zaidi. Mkuu wa mkoa, ambaye ni mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mkoa, anashughulika na mpaka, silaha haramu na malalamiko ya wanakijiji wanaoona misitu yao inageuka kuni. Yeye hana fungu la chakula cha wakimbizi, na hana sauti kwenye mazungumzo ya amani. Ila mambo yakiharibika, mlango unaogongwa kwanza ni wake.

Juu ya hapo kuna mkanganyiko ambao hata watu wa kazi hii hawausemi sana. Umoja wa Mataifa una mifumo miwili ya kuratibu misaada. Ndani ya nchi yenye vita, kama Kongo, mashirika hupangwa kisekta chini ya ofisi yake ya misaada ya dharura, OCHA, na wahudumiwa wakubwa ni wakimbizi wa ndani, yaani watu waliohama makwao bila kuvuka mpaka. Katika nchi inayopokea wakimbizi, uratibu uko chini ya UNHCR. Familia iliyokimbia kutoka Baraka, wilaya ya Fizi, ikapanda boti usiku na kushukia Kibirizi, imeondoka kwenye mfumo mmoja ikaingia mwingine kwa safari ya saa chache. Kule iliandikishwa na shirika fulani, huku inaanza upya. Hakuna anayelazimika kuunganisha taarifa za Fizi na mipango ya Nyarugusu. Ujumbe wa kulinda amani wa Umoja wa Mataifa, MONUSCO, ulipoondoka Kivu Kusini katikati ya mwaka 2024, uamuzi huo ulikuwa wa Kinshasa na Baraza la Usalama. Anayeishi Kigoma alikuwa na kila sababu ya kuuliza: wakija zaidi, nani ameweka akiba ya mahema?

Mwenyeji mwenye kofia nyingi

Tanzania si mtazamaji katika haya. Julai 1996 Pierre Buyoya alipochukua madaraka Burundi kwa mapinduzi, nchi za ukanda huu, Tanzania ikiwemo, ziliiwekea Burundi vikwazo vya uchumi vilivyodumu hadi Januari 1999. Wakati huohuo Mwalimu Nyerere alikuwa msuluhishi wa mgogoro, na Kigoma ilikuwa inapokea watu. Tanzania ikawa msuluhishi, mwenye vikwazo na mwenyeji wa wakimbizi kwa wakati mmoja, huku Bujumbura ikidai kwamba waasi wanajificha kambini. Mkataba wa Arusha ulisainiwa tarehe 28 Agosti 2000, Mwalimu akiwa ameshafariki na Nelson Mandela ameshika nafasi yake. Miezi tisa baadaye, Mei 2001, Tanzania, Burundi na UNHCR walisaini makubaliano ya pande tatu ya kurejesha wakimbizi kwa hiari. Hapo diplomasia ilitangulia, misaada ikafuata mlango uliofunguliwa. Katika miaka iliyofuata mamia ya maelfu walirudi.

Kwa upande wa Kongo kofia ni nyingi zaidi. Wanajeshi wa Tanzania wamekuwa katika brigedi maalumu ya MONUSCO tangu mwaka 2013, na walikuwa katika jeshi la SADC lililopelekwa Kivu Kaskazini mwishoni mwa mwaka 2023, ambalo wakuu wa SADC waliamua kulifunga Machi 2025. Bandari ya Dar es Salaam inategemea sana mizigo ya Kongo. Na Nyarugusu kuna Wakongo ambao wamekaa huko tangu 1996. Nchi yenye maslahi mengi namna hiyo haiwezi kusema neno moja bila kugusa mengine. Silaumu, ndivyo nchi zilivyo. Lakini mtu anayepanga misaada akidhani serikali ni kitu kimoja chenye nia moja atapotea mapema sana. Mambo ya Ndani wanafikiria usalama, Mambo ya Nje wanafikiria ujirani, halmashauri ya Kasulu inafikiria ushuru wa soko la Makere.

Kagunga, Mei 2015

Kuna wakati vitu hivi vyote vilikwenda pamoja, na inafaa kuutazama kwa karibu.

Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza alitangazwa kuwa mgombea kwa muhula wa tatu, Bujumbura ikawaka. Tarehe 13 Mei, akiwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa Afrika Mashariki uliohusu mgogoro huohuo, baadhi ya wanajeshi wake walijaribu kumpindua. Wakati huo makumi ya maelfu ya Warundi walikuwa wameshaingia Kagunga, kijiji cha wavuvi kilichobanwa kati ya ziwa na mlima mkali, jirani kabisa na mpaka wa Burundi. Hapakuwa na barabara ya gari inayofaa. Watu walilala mchangani, wakanywa maji ya ziwa lilelile walilojisaidia kando yake. Kipindupindu kikaingia, na watu wasiopungua 30 wakafa, baadhi yao wenyeji.

Njia ya kuwatoa ilikuwa MV Liemba, meli iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913. Kagunga haikuwa na gati, kwa hiyo meli ilisimama majini na watu wakapelekwa kwa mitumbwi na boti ndogo, mama na mtoto mgongoni, godoro kichwani, mmoja mmoja hadi meli ijae. Ilibeba watu wapatao 600 kwa safari, na upakiaji peke yake ulikula muda mrefu kuliko kusafiri. Kigoma mjini walifikia Uwanja wa Lake Tanganyika, wakapimwa, wakapewa uji na maji yaliyotiwa dawa, kisha mabasi yakaelekea Nyarugusu.

Meli ilikuwa ya serikali, mafuta na ukodishaji vililipiwa na wahisani kupitia mashirika, madaktari walitoka pande zote, uwanja ulitolewa na wenyeji. Mpaka uliachwa wazi kwa uamuzi wa kisiasa wa Dar es Salaam, na uamuzi huo haukusubiri fedha. Nyuma ya mafanikio yale kulikuwa na jambo moja: anayeruhusu watu kuingia, anayewasafirisha na anayewatibu walikuwa wanaongea kila siku, katika mji uleule, na wote walikuwa wanawaona watu wale kwa macho yao. Dharura ilipokwisha, wale wakubwa wakarudi makao makuu yao.

Miaka ya kuvutana

Kilichofuata ndicho kinachohitaji kuelezwa bila kuonea upande wowote.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilimpa Benjamin Mkapa kazi ya kuwezesha mazungumzo ya Warundi Machi 2016. Mwezi huohuo, Umoja wa Ulaya ulisimamisha misaada ya moja kwa moja kwa serikali ya Burundi, hatua iliyoondolewa Februari 2022. Kwa hiyo kwa miaka karibu sita wahisani walewale walikuwa wakiibana Bujumbura kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine wakichangia chakula cha Nduta, na kuchangia kwenyewe kulikuwa kwa kusuasua. Machoni pa serikali ya Burundi idadi ya wakimbizi ikawa hoja ya kisiasa: kila aliyebaki Kigoma alikuwa shahidi kwamba nyumbani si shwari. Mazungumzo ya Mkapa yalikwama, na mwishoni mwa mwaka 2018 serikali ya Burundi haikutokea kwenye duru iliyoitishwa Arusha.

Tanzania nayo ilianza kuchoka. Januari 2017 iliacha kuwapokea Warundi kwa mkupuo kama kundi, kila mmoja akatakiwa kujieleza. Desemba 2016 WFP ilikuwa imeanza kuwapa baadhi ya familia za Nyarugusu fedha taslimu badala ya chakula, wakanunua wenyewe sokoni. Katikati ya mwaka 2017 serikali ikausitisha mpango ule. Mwanzoni mwa 2018 ikajitoa katika mpango wa kimataifa uliokusudia kuwapa wakimbizi nafasi ya kujitegemea na kuwasaidia wenyeji pia. Sababu zilizotolewa zilikuwa usalama na ukosefu wa fedha. Katika miaka ya 2018 na 2019 masoko ya pamoja, ambapo mkimbizi na mwanakijiji walikutana kuuziana mihogo, mboga, dagaa na nguo, yakafungwa.

Nasema wazi kwamba kufunga masoko lilikuwa kosa. Lilimuumiza mama wa Makere sawasawa na mama wa kambini. Lakini hoja ya fedha haikuwa ya kubuni. Nchi iliahidiwa kwamba ikifungua milango zaidi dunia itabeba mzigo pamoja nayo, na dunia ikaleta pungufu kila mwaka. Agosti 2017, wakati wahisani wakihubiri kujitegemea, mgao wa chakula ulikuwa umeshuka hadi karibu asilimia 60 ya kiwango. Mwenyeji anayeombwa kukaribisha wageni kwa muda mrefu zaidi huku sahani inapunguzwa ana haki ya kuuliza maswali.

Hapo ndipo Mkutano wa Pande Tatu unapoingia. Wawakilishi wa Tanzania, Burundi na UNHCR hukaa, hutathmini hali, hupanga misafara. Mwishoni mwa Agosti 2017 walikubaliana kuanza kuwarudisha walioomba wenyewe, na msafara wa kwanza ukaondoka Septemba. Msimamo wa UNHCR ulikuwa kwamba itamsaidia anayetaka kurudi, ila haitamhimiza mtu yeyote kurudi, kwa kuwa hali ya Burundi haikuruhusu. Serikali mbili zilitaka kwenda mbio zaidi. Agosti 2019 zilikubaliana zenyewe, bila ya upande wa tatu, kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba wakimbizi 2,000 warudishwe kila wiki. UNHCR ilipinga hadharani. Lengo lile halikufikiwa kama lilivyotangazwa, lakini tangazo lenyewe lilikuwa limeshaingia kila zoni ya kambi.

Hiari hupimwaje?

Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969 unataka kurudi kwa mkimbizi kuwe kwa hiari katika kila hali. Tanzania imeuridhia. Kwa vitendo, anayetaka kurudi huenda kwenye dawati la kujiandikisha, huhojiwa, hueleza atafikia wapi, hutia dole gumba kwenye fomu, kisha hupangiwa msafara. Siku ikifika hulala kituo cha kuondokea, hupimwa afya, hupanda basi na mizigo yake kwenye lori. Misafara ya Nduta imekuwa ikipitia mpaka wa Mabamba kuingia Gisuru, ndani ya Burundi, na huko waliorudi wamekuwa wakipewa fedha kidogo na chakula cha miezi mitatu.

Utaratibu ni mzuri. Tatizo ni kwamba fomu inapima nia ya siku ile, haipimi kilichoizaa. Mtu ambaye soko limefungwa, mgao wake umekuwa nusu, haruhusiwi kulima nje ya kambi, na redio inamwambia kambi itafungwa, akija dawatini atasema anataka kurudi. Atasema kweli kabisa. Afisa atajaza fomu kwa uaminifu. WFP itasema haijamlazimisha mtu, imeishiwa tu. Serikali itasema imefuata sheria. Mhisani atasema bajeti yake hupangwa na bunge. Wote wanasema kweli, na bado mtu amesukumwa. Zaidi ya Warundi 100,000 wamerudi tangu 2017. Wapo waliorudi kwa furaha, hasa baada ya Évariste Ndayishimiye kuingia madarakani Juni 2020 na kuja Kigoma Septemba yake kukutana na Rais Magufuli. Wapo waliorudi kwa njaa. Takwimu za misafara huwajumlisha pamoja.

Kwa hiyo swali linalotakiwa kuulizwa kwenye Mkutano wa Pande Tatu, kabla ya idadi ya mabasi, ni mgao wa miezi sita ijayo umefadhiliwa kwa kiasi gani. WFP hununua chakula miezi mingi kabla hakijafika, kinapita Dar es Salaam, reli au malori, maghala, ndipo kifike Kasulu. Upungufu wa Juni hujulikana mapema. Taarifa hiyo ipo kwenye vikao vya sekta ya chakula. Ikiwekwa mbele ya mawaziri na mabalozi pamoja, basi mwenye kuamua kwamba mgao ushuke atakuwa na jina na cheo.

Mfano wa Tabora

Kuna njia nyingine ambayo nchi hii iliwahi kuipita. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 hawakufungiwa kambini. Walipewa ardhi Ulyankulu, mkoani Tabora, pamoja na Katumba na Mishamo ambazo leo ziko Katavi. Serikali ilitoa ardhi na utawala, UNHCR fedha, na TCRS, shirika la Kikristo la kuhudumia wakimbizi, utekelezaji. Walilima, wakauza tumbaku na mahindi, wakalipa kodi. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere alipewa Nishani ya Nansen, tuzo ya UNHCR kwa waliowahudumia wakimbizi.

Mwaka 2007 wakaulizwa: kurudi au kuwa Watanzania? Karibu mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliobaki, zaidi ya 160,000, uraia wao ulikubaliwa mwaka 2010. Lakini sharti lilikuwa wahamie mikoa mingine, na hapo mpango ukakwama: mikoa haikuwa imeandaliwa, fedha zilizoahidiwa hazikutosha, na wenyewe hawakutaka kuacha mashamba waliyoyafungua kwa mikono yao. Kwa miaka minne walikuwa raia wasio na cheti. Vyeti vilianza kutolewa Oktoba 2014, sharti la kuhama likiwa limeachwa.

Uamuzi wa kisiasa ulikuwa wa kijasiri kuliko wowote wa aina yake Afrika, na ulikaribia kuharibika kwa sababu ya jambo la utekelezaji: kijiji kipi, ardhi ipi, nani analipa shule. Nani alikaa na mwenyekiti wa kijiji kinachotarajiwa kuwapokea kabla ya mpango kutangazwa? Nadhani somo la Tabora halijasomwa Kigoma. Mpango wa Pamoja wa Kigoma, ulioanzishwa mwaka 2017 na mashirika ya Umoja wa Mataifa kwa ufadhili wa Norway na wengine, umejaribu kuelekeza fedha kwa wenyeji: maji, elimu ya wasichana, kilimo, ajira za vijana. Ni hatua nzuri, na huko Kasulu na Kibondo unaikuta kazi yake. Ila umewekwa kama mpango wa maendeleo ya wenyeji, na kambi zina bajeti yake ya dharura. Barabara moja, wilaya moja, mifuko miwili.

Kalenda zisizokutana

Tarehe 20 Januari 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alisimamisha misaada ya nje kwa siku 90, na siku hiyohiyo akasitisha kupokea wakimbizi. Wakongo wengi wa Nyarugusu walikuwa kwenye foleni ya kuhamia Marekani, wengine kwa miaka. Kwa saini za siku moja, chakula na mlango wa kutokea viliguswa pamoja. Hakuna kikao cha uratibu Kibondo kingeweza kuzuia hilo. Lakini utegemezi wa mhisani mmoja kwa kiasi kile lilikuwa jambo lililojulikana, na ilifaa nchi mwenyeji na mashirika wawe walishajadili watafanya nini siku ikitokea.

Kuna jambo dogo zaidi ambalo liko ndani ya uwezo wa waliopo, nalo ni tarehe. Mwaka wa fedha wa Marekani huanza Oktoba. Mashirika mengi ya Umoja wa Mataifa huhesabu kuanzia Januari. Bajeti ya Tanzania huanza Julai. Mkutano wa Pande Tatu hukaa pale mawaziri wanapopata nafasi. Mkulima wa Ruyigi, mashariki mwa Burundi, ana kalenda yake: msimu wa kwanza hupanda Septemba na Oktoba akavuna karibu na Januari, msimu wa pili hupanda Februari na Machi akavuna Juni.

Chukua familia iliyosafirishwa Novemba, kwa sababu ndipo fedha za mabasi zilipotoka. Imefika mbegu za msimu wa kwanza zikiwa zimeshaota kwenye mashamba ya majirani. Chakula cha miezi mitatu kinakwisha Februari. Inapanda msimu wa pili, kama shamba lake halijachukuliwa na mtu mwingine, na itavuna Juni. Kati ya Februari na Juni haina cha kwake. Baadhi ya waliorudi hujikuta wanavuka mpaka tena kimyakimya kuja kulima vibarua Kibondo na Kasulu, safari hii bila kadi wala hadhi ya ukimbizi. Familia ileile ikisafirishwa Agosti inawahi kupanda, na mgao wake wa miezi mitatu unaivusha hadi Novemba, ikibaki na pengo la miezi miwili hivi badala ya minne. Mabasi ni yaleyale, gharama ni ileile. Kinachohitajika ni mtu wa kilimo kutoka Burundi akae kwenye chumba kimoja na mtu wa usafirishaji wa Kibondo na mtu wa bajeti, kabla ya mawaziri hawajatangaza idadi.